Breki ziliisha katikati ya Kitonga: je, turudi tena Iringa na watoto likizo hii?

"Shikamoo fundi. Mwaka jana likizo ya mwezi wa sita tulitoka Dar kwenda Iringa na gari yetu ya siti saba, petroli, automatiki, lever yake ina D, 2 na L na kitufe cha O/D. Dereva ni mimi. Kwenda hatukupata shida, watoto waliona tembo na twiga Mikumi hadi basi. Kurudi tukapakia viazi gunia mbili, mahindi na nyanya za Ilula. Kushuka Kitonga, kama nusu ya mteremko, nikasikia harufu ya kuungua, mara pedali ya breki ikaanza kuzama mpaka chini, haishiki. Nikavuta handbreki na Mungu akasaidia tukasimama pembeni, tairi za mbele zinatoa moshi. Tukakaa kama dakika 40, breki zikarudi kama hakuna kilichotokea, tukaenda taratibu mpaka Dar. Fundi akabadilisha pedi, akasema za mwanzo zilikuwa feki. Sasa mwaka huu watoto wanataka Isimila, Kalenga na Ruaha, na mama mkwe tunaenda nae. Mume wangu anasema automatiki haifai milimani tukodi gari. Shemeji anasema nishukie fri ili injini ipumzike na mafuta yasiende. Mimi nina hofu, silali. Gari imepona au haijapona?"

Marahaba dada yangu, na pole sana. Kusimamisha gari iliyojaa watoto na pedali imeshazama sio jambo dogo, na ulivyowahi handbreki ulifanya kitu sahihi kabisa. Nikujibu kwanza lile la mwisho maana ndo linakunyima usingizi: kwa maelezo yako gari haijapona. Haijaharibika vibaya, na matengenezo yake sio ya kuuza shamba, ila kilichokupata Kitonga hakikuguswa siku ulipobadilishiwa pedi. Ukipakia tena mzigo ule ule na ukashuka kwa staili ile ile, kitarudi.

Mwenye siri nzima ni hilo neno lako "kuzama". Breki zikipata moto kupita kiasi zinaweza kukuacha kwa njia mbili tofauti na watu wengi wanazichanganya. Njia ya kwanza, pedi zenyewe zimechemka, zinatoa gesi na kuteleza kwenye diski, hapo pedali inabaki ngumu kabisa, unakanyaga kwa nguvu zako zote, mguu haushuki lakini gari nayo haisimami. Pedi feki zinaleta sana hiyo. Njia ya pili ni ya kwako, pedali inalainika, inashuka mpaka kwenye kapeti kama unakanyaga sponji, halafu gari ikikaa ikapoa kila kitu kinarudi kama zamani. Hiyo ni mafuta ya breki yamechemka. Sina maana yamepata joto, nina maana yamechemka kama chai, yakatoa mapovu.

Ngoja nikueleze vizuri hapa maana ukielewa hili mengine yote utayajibu mwenyewe. Ukikanyaga pedali hakuna waya unaoenda kwenye tairi, kuna mafuta ndani ya paipu. Unayasukuma huku, yanasukuma pistoni kule kwenye kalipa (kile chuma kilichoshika pedi), pistoni inabana pedi kwenye diski. Inafanya kazi kwa sababu kimiminika hakibonyei, ukisukuma upande huu lazima kitoke upande ule. Ila mvuke unabonyea. Mafuta yakichemka pale kwenye kalipa yanatengeneza mapovu ya mvuke, sasa wewe unakanyaga, mguu unashuka, kumbe kazi yote unayofanya ni kubonyeza mapovu na pedi hazipati kitu. Baada ya dakika 40 yamepoa, mapovu yakarudi kuwa kimiminika, breki hizo hapo. Na ndo maana handbreki ilikuokoa, yenyewe inavutwa na waya, haina habari na mafuta.

Joto lote lile linatoka wapi? Gari ikishuka mlima, ule uzito unaoteremka lazima uishie mahali, na kama wewe unaizuia kwa breki basi unaishia kwenye breki kama joto. Nikupigie hesabu. Gari yenye watu na mizigo ikiwa tani 2, kila ikishuka mita 100 za kwenda chini (sio mita za barabara, nasema kimo) inatoa joto la kutosha kuchemsha lita 6 hivi za maji yaliyokuwa ya kawaida tu kwenye ndoo. Kila mita 100. Kitonga unashuka mara kadhaa ya hapo bila kupumzika, kona baada ya kona, kwahiyo fikiria masufuria mangapi ya maji ya moto umeyaweka kwenye vyuma viwili vidogo vilivyojificha nyuma ya tairi za mbele. Halafu ongeza gunia mbili za viazi, na viazi vya barabarani tunajua vilivyofungwa lumbesa, ongeza mahindi na nyanya, hapo una kilo 300 za ziada bila kujua. Hiyo ni karibu lita nzima nyingine ya maji ya kuchemsha kwa kila mita 100.

Sasa kwanini mafuta yalichemka kwako wakati gari nyingine zinashuka salama? Mafuta ya breki yana tabia moja ambayo wenye magari wengi hawaambiwi, yanafyonza unyevu kutoka kwenye hewa. Taratibu sana, kupitia kwenye hozi za mpira na kwenye kifuniko cha kile kichupa chake, mwaka hadi mwaka, na hewa ya Dar unaijua ilivyo. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, yakishakunywa maji kiasi cha asilimia 3.7 tu kipimo kinaanguka mpaka kwenye 140. DOT 4 mapya ni 230, yakishanyonya maji ni 155. Umeona pengo hilo? Zaidi ya nyuzi 60 zimepotea na kwa macho hujaona kitu, pedali ya mjini iko vizuri, foleni ya Ubungo unaenda nayo fresh, mpaka siku unakutana na mlima. Ndo maana kwenye magari mengi tunasema mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka 2, hata kama gari inalala tu uani. Jiulize hayo ya kwako yalibadilishwa lini. Natumia neno kubadilishwa, sio kuongezwa. Gari nyingi zinazokuja gereji mafuta yake ya breki yana umri wa gari lenyewe, watu wanaongezea tu kidogo juu kiwango kikishuka, ni kama kuongeza maziwa fresh kwenye maziwa yaliyoganda.

Kwahiyo pedi inawezekana kweli zilikuwa feki na fundi wako hakukosea kuzitoa, pedi zikishatoa moshi namna ile hata mimi ningezitoa. Ila hakuuliza pedali ilifanyaje, au hukumwambia, na huo ndo ulikuwa ugonjwa.

Nije kwa shemeji. Dada, tafadhali sana, usishuke na fri, yani lever ikiwa kwenye N. Sio Kitonga, sio Iyovi, sio hata kilima cha Kimara. Najua ushauri huu unatolewa kwa nia njema na madereva wengi wamekua nao, lakini ni kinyume cha ukweli mara mbili. Gari ikiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, tairi ndo zinazungusha injini, na injini inagoma, inavuta gari nyuma. Lile gomo ni breki ya bure, haina pedi, haichemki, joto lake linatoka na rejeta na ekzosi. Ukiweka fri umeitupa breki hiyo, mzigo wote wa tani 2 umeuhamishia kwenye zile diski. Na kuhusu kubana mafuta, injini zetu hizi za EFI, zinazomwagiwa petroli kwa kompyuta na sio kabureta, ukiachia pedali ya mafuta huku gari iko kwenye gia kompyuta yake inakata petroli kabisa, haimwagi hata tone mpaka mzunguko ushuke karibu na sailensa, yani ule muungurumo wa gari iliyosimama. Ukiwa kwenye fri inabidi imwage petroli ili injini isizime. Yani fri ndo inakula mafuta zaidi kwenye mteremko. Hiyo habari ilikuwa na ukweli enzi za kabureta, zimepita.

Na kuna wanaoenda mbali zaidi wanazima gari kabisa mteremkoni. Hapo busta ya breki inayokusaidia kukanyaga inatumia mvuto wa injini, ukizima unabakiwa na kukanyaga kama mara mbili tatu laini halafu pedali inakuwa jiwe, na usukani nao unakuwa mzito. Usimruhusu mtu yeyote afanye hivyo na wanao ndani.

Mumeo nae nimtetee kidogo kisha nimkatalie. Ana haki ya kuogopa, na ni kweli automatiki ukiiacha kwenye D inashuka vibaya, kwa sababu yenyewe haijui kama kuna mlima, inaona mguu umetoka kwenye mafuta inapanda mpaka gia ya juu kabisa ile ya O/D, na gia hiyo haizuii kitu. Ila automatiki sio kwamba haina gia nzito, inayo, inasubiri wewe uichague. Kitufe cha O/D ukikibonyeza taa ya O/D OFF ikawaka kwenye dashi, maana yake umezuia gia ya juu, taa hiyo sio ubovu. Lever ukishusha kwenye 2 gari haitapanda zaidi ya gia ya pili, ukishusha L inabaki ya kwanza. Kitonga ni mlima wa 2. Sitaki kusikia D pale.

Namna ya kushuka ni hivi. Mkitoka Iringa kurudi Dar simameni kwanza Lugalo, ule mnara uko barabarani hapo hapo, watoto wawaambieni kwamba tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wahehe liliwavizia Wajerumani hapo na kamanda wao Zelewski akafia hapo. Wakati wanasoma kibao wewe zunguka gari, sogeza kiganja karibu na rimu zote nne bila kugusa, usikie joto. Hapo hujashuka mlima wowote wa maana, kwahiyo za mbele zinatakiwa zilingane zenyewe, na za nyuma vile vile. Kama moja inaunguza na mwenzake ni vuguvugu, kalipa hiyo imekwama, inabana muda wote, rudi Iringa mjini ikafunguliwe, usiseme nitafika nayo. Ilula nunua nyanya za kula njiani, inatosha. Kabla mteremko haujaanza punguza mwendo ukiwa bado tambarare, weka 2, zima O/D, ndo uingie. Injini itapiga kelele, mshale wa mzunguko wa injini utapanda kwenye 3,000 au hata 4,000, watoto watauliza mama gari inalia, iache ilie, haidhuriki mradi mshale haujagusa wino mwekundu. Lenga mwendo wa 30 mpaka 40. Gari ikifika 40 kanyaga breki kwa uthabiti mpaka ishuke 30 hivi, halafu toa mguu KABISA, iache ijishikilie na gia, ikifika 40 tena kanyaga. Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya, na nahisi ndo ulifanya, ni kuweka mguu juu ya breki kidogo kidogo muda wote kutoka juu mpaka chini. Inaonekana ni upole lakini diski haipati hata sekunde ya kupumua. Ukikanyaga na kuachia, katikati hapo upepo unazipoza.

Kama 2 haitoshi na gari bado inakimbia, punguza kwa breki mpaka 20 hivi ndo ushushe L. Lori likiwa mbele linatambaa, tambaa nalo kwa mbali, mwenye tani 30 akienda taratibu anajua anachofanya, na kona za Kitonga sio za kuovateki hata ukiona kumenyooka. Lori likiwa nyuma yako na unasikia harufu ya kuungua ambayo sio yako, tafuta sehemu pana upishe lipite.

Nimuombe Mungu isitokee tena, ila uwe nayo kichwani: pedali ikianza kulainika usisubiri izame. Pampu haraka haraka, mara nyingi kuna shinikizo kidogo litarudi, weka L, washa hazadi, vuta handbreki kidogo kidogo ukiachia na kuvuta, usiing'oe yote kwa mara moja maana tairi za nyuma zikifunga gari inageuka. Kama lazima uguse kitu, gusa ukuta wa mlima kwa ubavu, kaa mbali na upande wa korongo. Mkisimama weka P, tafuta jiwe uzuie tairi kwa mbele, watu wote watoke wakae mbali na barabara, na USIMWAGE MAJI kwenye diski. Najua mkono unawasha kumwaga maji ukiona moshi, lakini chuma chenye moto ule kikipigwa maji ya baridi kinapinda au kinapasuka ufa. Kaa saa nzima. Na ujue kwamba baada tu ya kusimama joto la diski linaendelea kusafiri kwenda kwenye mafuta, kwahiyo breki zinaweza kuwa mbaya zaidi dakika tano baadae kuliko ulipokuwa unasimama. Usijaribu "hebu nione kama zimerudi" mapema.

Gereji sasa. Nenda angalau wiki mbili kabla ya safari ili upate muda wa kuijaribu. Mwambie fundi maneno haya haya: nataka kubadilisha mafuta ya breki yote na kutoa upepo kwenye breki za tairi zote nne. Anunue DOT 4 kwenye kopo lililofungwa, lifunguliwe mbele yako, lita moja kwa gari yako itatosha. Kopo lililobaki nusu tangu mwaka jana alikatae hata akisema ni zuri, limeshakunywa hewa. Kama kifuniko cha gari yako kimeandikwa DOT 3 usiogope, DOT 4 inaingia humo bila tatizo. Ila DOT 5 ni kitu kingine kabisa, ni silikoni, haichanganywi na hizo, usidanganyike na namba kubwa. Mafuta ya zamani yakitoka uyaone, mapya yana rangi ya asali nyepesi, yakitoka kama kahawa utajua ulikuwa unatembea na nini.

Akiwa hapo afungue kalipa aangalie zile pini zake kama zinateleza, aangalie hozi za mpira kama zina nyufa au zimevimba, apime unene wa diski, kiwango cha chini huwa kimechongwa kwenye diski yenyewe. Diski zako zilishatoa moshi, kama zimepiga rangi ya bluu au usukani unatetemeka ukikanyaga breki, badilisha, usichonge. Handbreki ikazwe, umeshaona thamani yake. Pia kuna jambo moja nisilifiche, pedali kuzama inaweza pia kutoka kwenye masta silinda iliyochoka, ile pampu inayosukumwa na pedali. Ya kwako ilirudi yenyewe ilipopoa kwahiyo nina imani kubwa ni mafuta, lakini mimi sijaigusa gari. Jaribu hivi ukiwa umepaki nyumbani injini inaunguruma: kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida ushikilie dakika nzima. Ikibaki pale pale ni vizuri. Ikiwa inashuka pole pole huku gari ni baridi, au kichupa cha mafuta kinapungua bila sababu, au taa ya breki inawaka, au gari inavuta upande mmoja ukikanyaga, hapo usiendeshe hata kwenda sokoni, fundi aifuate gari ilipo. Na kama fundi wako anakwambia "mafuta haya bado mazima mama, yanaonekana masafi", mshukuru, nenda kwa mwingine. Macho hayapimi maji kwenye mafuta.

Tairi nisirefushe. Pima upepo asubuhi kabla hujatembea, fuata kile kistika cha kwenye mlango kwa gari yenye mzigo, usipunguze upepo mchana kwa sababu tairi imepata moto. Na soma zile namba nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi, wiki na mwaka, 1417 maana yake wiki ya 14 mwaka 2017, ya namna hiyo usiipeleke safari hata kama kashata zake ni nzuri.

Kuhusu kukodi: sio wazo baya, lakini gari ya kukodi nayo ina mafuta ya breki, na hujui ni ya mwaka gani. Ya kwako ukishaitengeneza utaijua kila kitu. Mimi ningeenda na ya kwangu mpaka Iringa mjini, halafu kwa Ruaha tu ndo ningekodi gari ya juu ya 4x4 pamoja na dereva wake wa kule kule, siku moja au mbili. Kutoka Iringa kwenda getini ni zaidi ya kilomita 100 na sehemu kubwa niliyoizoea ni vumbi na makorogesheni, ndani ya hifadhi ndo kabisa, gari ya chini ya siti saba itawatesa na mama mkwe hatafurahia. Ni gharama kwa siku, sikatai, ila watoto watakuwa juu wanaona vizuri, na mwezi wa saba maji yameshapungua wanyama wanasogea mto Ruaha Mkuu. Isimila na Kalenga gari yako inafika bila wasiwasi. Isimila iko kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, zana za mawe za watu wa kale zenye umri wa zaidi ya miaka 200,000 zimelala pale pale, na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, nendeni asubuhi maana kule bondeni jua ni kali. Kalenga ndo kwenye fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mama mkwe akichoka abaki mjini apumzike, watoto wapande jiwe la Gangilonga jioni wauone mji. Na wabebe masweta, mwezi wa sita na wa saba Iringa ina baridi ya kweli.

Na kuna njia nyingine ambayo hukuiuliza lakini ni ya heshima kabisa. Kama hela ya gereji haijakaa sawa, au fundi akagundua kitu ambacho spea yake haijafika, msivunje safari, ifupisheni. Laleni Mikumi, siku ya pili muingie hifadhini, siku ya tatu mkunje pale Mikumi mjini kuelekea Kilombero mpaka Mang'ula, ndo geti la Udzungwa. Maporomoko ya Sanje yana mita 170, watoto wakubwa wanapanda na muongozaji, bibi yao anakaa chini kwenye kivuli. Njia hiyo haigusi Kitonga wala Iyovi. Iringa itakuwepo mwakani. Ila elewa kwamba hata huko mafuta ya breki ya zamani hayafai, nimesema hatari inapungua, sijasema imeisha.

Safari yenyewe igaweni. Dar mpaka Iringa inakaribia kilomita 500, kwa mtu mmoja anaendesha, mzee ndani na watoto, usiipige siku moja. Ukitoka alfajiri unafika Mikumi mchana bila haraka, unalala, kesho yake unapanda Kitonga na akili safi. Ile barabara ya kilomita 50 inayokata hifadhi msiipite usiku kabisa, mchana fuata vibao vya mwendo, kuna bango la faini kwa kila mnyama na tembo haangalii saitmira. Kila masaa mawili simama, mama mkwe ashuke atembee hata dakika kumi, miguu ya watu wazima ikikaa muda mrefu inavimba, na kama ana presha au sukari apitie kwa daktari wake kabla. Kupanda mlima angalia mshale wa joto la injini, ukianza kupanda zima AC, usikae nyuma ya lori unalisukumia, acha nafasi.

Viazi vya Iringa ni vitamu, sitaki uvikose. Vipakieni kwenye basi la mizigo vikutangulie Dar.

Ukishabadilisha mafuta niandikie yalitoka na rangi gani na pedali imekuwaje, kisha siku moja kabla ya kuondoka zungusha gari Kimara kwenda Mbezi na kurudi na familia nzima ndani, shuka vile vilima na gia ya 2 mpaka mguu wako uzoee kukanyaga na kuachia. Kama kuna kitu hakijakaa sawa, kijulikane hapo mkiwa bado karibu na nyumbani.